Mfalme wa Siku Mia na Kiti cha Mkunazi

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale?

Tuambie!

Ya kweli au ya uongo?

Ya kweli tuifuate, ya uongo tuicheke!

Basi sogeeni karibu. Wewe Mwanahawa, mwachie mwenzio nafasi kwenye mkeka. Jua linakwenda zake, na mimi hadithi hii siipendi kuikatiza katikati.

Hapo kale, katika nchi ya Waarabu, palikuwa na mji ukiitwa Sarhani. Mji huo ulikuwa bondeni, milima mitupu huku na huku, mitende katikati. Mvua ilinyesha mara moja kwa miaka mitatu, nayo ikija haikuzidi kulowesha vumbi. Watu waliishi kwa chemchemi moja tu. Ilitoka pangoni, juu mlimani, ikashuka kwa mfereji mpaka mashambani.

Na mle pangoni lilikaa zimwi. Jina lake Mfyonza.

Mfyonza alikuwa na meno kama majembe, masikio kama majamvi, na tumbo lisilo mwisho. Tumbo hilo alililaza kwenye mdomo wa chemchemi. Akitaka maji yashuke, alijiinua kidogo. Akitaka yasishuke, alilala.

Kila mwaka, tende zilipoiva, sauti yake ilishuka mlimani saa sita za mchana, watu wakaisikia mpaka sokoni:

Fyonza fyo! Fyonza fyo!
Chemchemi ninayo, koo ninalo!
Nileteeni mfalme wenu,
niwape maji yenu!

Na watu walimpelekea. Walimkalisha mfalme kwenye kiti chake cha mti wa mkunazi, wanaume wanne wakakibeba mpaka mlangoni pa pango, wakakitua, wakakimbia. Kesho yake walirudi wakakuta kiti kitupu. Maji yakatiririka mwaka mzima.

Mwaka mmoja walijaribu kumnyima. Kiti kilikaa bila mfalme. Mfyonza akalala juu ya chemchemi mwezi wa kwanza, akalala mwezi wa pili, akalala mwezi wa tatu. Mbuzi wakafa. Mitende ikainama. Watoto wachanga wakazikwa. Tangu siku hizo hakuna aliyefungua kinywa kusema habari ya kumnyima.

Sasa mtaniuliza, bibi, nani aliutaka ufalme wa namna hiyo?

Hakuna. Hata mmoja. Aliyewachagua wafalme alikuwa Waziri Jabri. Huyu Jabri alikwisha kuwahudumia wafalme tisa, na wote tisa waliliwa. Wafalme walipita, yeye akabaki. Funguo za ghala zilikuwa kiunoni mwake. Lango la mfereji lilikuwa mkononi mwake. Alimchagua maskini, alimchagua mgeni, alimchagua mtu aliyemuudhi, na watu wakashukuru tu kwamba si wao.

Sasa nimtaje mwenye hadithi. Aliitwa Mundhiri.

Mundhiri alizaliwa ndani ya mfereji. Naam, msicheke! Baba yake alikuwa mchimba mifereji, na mama yake alikwenda kumpelekea chakula chini kule, uchungu ukamshika hapo hapo. Mtoto akaogeshwa kwa maji ya mfereji kabla hajaliona jua. Wazee wakasema, "Huyu atajuana na maji."

Na kweli alijuana nayo. Alipokuwa mkubwa, akilaza sikio lake chini, aliyasikia maji yanakopita, hata kama yako kina cha minazi miwili. Mabega mapana, sauti nzito, na cheko lake likisikika kutoka shimoni kama ngoma. Alimwoa Raya, binti wa mwalimu wa chuo, mwanamke aliyejua kusoma kuliko wanaume wengi wa mji ule. Walipendana. Lakini nyumba yao ilikuwa na jeraha: kaka yake Raya, jina lake Azani, alikuwa mmoja wa wale wafalme tisa.

Basi siku moja Waziri Jabri alimkuta Mundhiri anazibua mfereji.

"Mundhiri, ziba njia ya maji iendayo shamba la yule mjane. Mavuno yaliyopita hakuniletea tende zangu."

"Zako?" Mundhiri akauliza. "Wewe ulipanda mtende gani, Sheikh?"

"Ziba, nimesema."

"Siizibi. Maji yanashuka kwa sababu kuna mteremko. Wewe si mteremko."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, kisha wakashika vinywa vyao. Jabri naye akatabasamu, tabasamu la paka aliyeona panya.

"Una maneno ya kifalme, Mundhiri," akasema, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi ikapigwa mbiu: mfalme mpya wa Sarhani amepatikana, naye ni Mundhiri mchimba mifereji. Zilikuwa zimebaki siku mia moja kabla ya mavuno, kama ilivyokuwa desturi kila mwaka.

Walipokuja kumchukua, Raya alijitupa mlangoni.

"Mmemla kaka yangu! Sasa mwaja kumla na mume wangu?"

Mundhiri akamwinua, akampangusa vumbi, akawatazama wale watu. Hakuwa na hofu usoni. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa pa kuchimba.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini nisikilizeni vizuri. Mmenifanya mfalme, nami nitakuwa mfalme."

Hawakumwelewa. Wafalme wengine walilia siku mia, au walikula na kulala siku mia, wakingoja. Huyu hakungoja.

Siku ya kwanza aliketi kwenye kiti cha mkunazi, kwenye mto mnene wa hariri, akamwita waziri.

"Jabri, mfalme ni mimi au si mimi?"

"Ni wewe, Maulana."

"Basi fungua ghala. Watu wapate kula."

Jabri akasita, lakini walinzi walikuwa wanasikiliza, nao walikuwa na njaa vilevile. Ghala likafunguliwa.

Siku ya pili akamwita tena.

"Jabri, mfalme ni mimi au si mimi?"

"Ni wewe, Maulana."

"Basi fungua lango la mfereji. Shamba la mjane na shamba la tajiri yapate sawa."

Lango likafunguliwa.

Siku ya tatu akamwita tena.

"Jabri, mfalme ni mimi au si mimi?"

Jabri akasaga meno. "Ni wewe, Maulana. Kwa sasa."

"Basi niletee jembe langu."

"Jembe? Mfalme ashike jembe?"

"Mfalme huyu atalishika."

Akalivua joho la zari, akalitundika kwenye msumari, akatoka. Aliwaambia watu, "Sarhani ina chemchemi moja, ndiyo maana ina bwana. Tukipata ya pili, Mfyonza atabaki na pango lake, nasi tutabaki na maji yetu." Watu wakaona mfalme anakwenda na jembe begani. Kwanza walimfuata kwa kutaka kuona. Halafu walimfuata na majembe yao.

Akalaza sikio upande wa mashariki, akasikia maji. Wakachimba siku ishirini. Walipoyafikia, yakachuruzika kidogo, kisha yakarudi nyuma kama yaliyovutwa, na kutoka mlimani wakasikia: fyo! Mfyonza ameyafyonza.

Akalaza sikio upande wa magharibi, akasikia maji. Wakachimba siku thelathini. Walipoyafikia yakamwagika, wakapiga vigelegele, na vigelegele havijaisha: fyo! Yakarudi nyuma.

Akalaza sikio upande wa kusini. Wakachimba siku arobaini, msiniulize kwa tabu gani, mwamba mtupu, mikono imechubuka mpaka nyama. Wakayafikia. Maji yakawafika magotini. Wazee wakayanywa wakilia. Kisha: fyo!

Wakabaki wamesimama kwenye tope.

Ilikuwa siku ya tisini na tano. Mundhiri alirudi kwenye nyumba ya kifalme hana cheko. Aliketi kwenye kiti, mikono juu ya magoti, vidonda viganjani. Raya akaja na maji ya vuguvugu na kitambaa, akaanza kumsafisha.

"Mume wangu," akasema, "ngamia wawili wako nyuma ya ukuta. Nimewafungia chakula na viriba. Twende."

Mundhiri akageuza kiganja cha pili asafishwe.

"Nilimlilia Azani mpaka macho yakavimba. Kaka mmoja yatosha. Twende, nakuomba."

"Raya, tukiondoka, Jabri atamkalisha nani hapa?"

"Sijui. Wala sitaki kujua!"

"Unajua. Atamkalisha mume wa mwanamke mwingine. Naye huyo mwanamke atakuwa na kitambaa kama hicho mkononi, asijue sisi tuko wapi atutukane."

Raya akalia kidogo, kimya kimya, akaendelea kumfunga vidonda. Hakusema tena habari ya ngamia. Mundhiri naye moyo ulimuuma. Aliogopa, wajukuu zangu, msidhani hakuogopa. Alijua kufa kunafananaje, maana alikwisha kuwafukua wenzake chini ya vifusi. Lakini alijua pia kwamba shimo halichimbwi kwa kulitazama.

"Ngoja ninyooshe mgongo," akasema. "Mto huu wa hariri unaniua. Mimi nimezoea kukalia mawe."

Akainuka, akaukamata mto, akautupa kule.

Na pale chini ya mto, kwenye ubao wa kiti, palikuwa na maandishi.

Yalikuwa yamechongwa kwa patasi, na vumbi limeyajaa. Kando ya maandishi palikuwa na alama mbili: ya kidole gumba cha mtu, na ya kidole gumba kikubwa kama sahani.

"Mke wangu," Mundhiri akasema polepole, "mimi herufi zinanipiga chenga. Njoo usome."

Raya akapiga magoti, akapuliza vumbi, akasoma:

"Hiki ni kiapo cha mfalme wa kwanza wa Sarhani na Mfyonza wa pangoni. Kila mwaka siku ya mavuno, atakayekikalia kiti hiki mbele ya pango ni chakula cha Mfyonza. Kisipokaliwa, maji hayashuki. Anayekivunja kiapo hiki na akauke."

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Soma mara ya tatu."

Alipofika katikati, Raya akasogeza uso karibu na ubao. Kidole chake kikasimama juu ya neno moja.

"Mundhiri. Hapa hapajaandikwa mfalme."

"Pameandikwaje?"

"Atakayekikalia. Basi. Yeyote atakayekikalia."

Wakatazamana. Kisha Mundhiri akaanza kucheka, lile cheko lake la shimoni, likajaa chumba kizima.

Wakati ule ule Waziri Jabri akaingia. Akauona mto uko sakafuni. Akaona ubao u wazi. Uso wake ukawa kama majivu.

"Maulana, nani amekuambia uondoe mto huo?"

"Mgongo wangu," Mundhiri akajibu. "Kumbe uliyajua haya maneno, Jabri. Wewe unajua kusoma. Wafalme tisa umewakalisha juu ya maneno haya ukayafunika kwa hariri."

"Kusoma si kosa. Ningefanya nini? Mfyonza ataka mtu."

"Ungewaambia watu. Lakini kila mfalme aliyeliwa alikuachia funguo."

Jabri akainama, akatoka kinyumenyume.

Basi zikapita siku nne. Siku ya mia moja ikafika, tende zimeiva mpaka zinadondoka zenyewe. Saa sita za mchana sauti ikashuka:

Fyonza fyo! Fyonza fyo!
Chemchemi ninayo, koo ninalo!
Nileteeni mfalme wenu,
niwape maji yenu!

Wanaume wanne wakaja kukibeba kiti, macho yao chini, aibu imewajaa.

"Haya, Maulana. Keti."

"Siketi," Mundhiri akasema. "Na ninyi hambebi. Kiti ni changu, mzigo ni wangu."

Akakiinua kiti cha mkunazi, akakifunga mgongoni kwa kamba ya kuchotea maji. Akasimama mbele ya watu wote wa Sarhani.

"Ndugu zangu, mlinipa ufalme siku mia. Nilichotaka kufanya kwa jembe kimenishinda. Leo najaribu kwa ulimi. Nikirudi, tutaongea. Nisiporudi, mke wangu Raya anajua kilichoandikwa kwenye kiti hiki, msikilizeni yeye."

Raya hakulia mbele za watu. Alikaza fundo la kamba begani mwa mumewe, akalivuta mara mbili kuona kama limeshika.

"Rudi," akamwambia. Neno moja tu.

Mundhiri akapanda mlima. Watu wakamfuata kwa mbali, Raya mbele yao. Waziri Jabri naye akafuata, jasho likimtoka, maana alitaka kuona kama mfalme huyu ataliwa kama wenzake.

Alipofika mlangoni pa pango, Mundhiri akakitua kiti juu ya mwamba, akakipangusa, akasimama kando yake.

Pango likanguruma. Mfyonza akatoa kichwa, halafu mabega, halafu mkono mmoja. Tumbo lake likabaki ndani, juu ya chemchemi. Harufu yake ilikuwa ya matope yaliyooza.

"Nani huyu aliyesimama?"

"Mfalme wa Sarhani."

"Mbona hukuketi? Wenzio wote walikuja wameketi."

"Wenzangu walibebwa. Mimi nimekuja kwa miguu yangu."

"Keti nikule!"

"Nitaketi," Mundhiri akasema, "lakini kwanza niambie jambo moja. Kati yako na mimi, mkubwa ni nani?"

Mfyonza akacheka, mawe yakaporomoka. "Mkubwa ni mimi!"

"Kati yako na mimi, mwenye maji ni nani?"

"Mwenye maji ni mimi!"

"Kati yako na mimi, mwenye kiti ni nani?"

Mfyonza akainamisha kichwa. Akakitazama kiti cha mkunazi, miguu yake iliyochongwa, mgongo wake ulionakshiwa. Miaka yote alikuwa amekula waliokikalia, hakuwahi kukitazama.

"Wewe umelala juu ya jiwe lenye maji," Mundhiri akaendelea, "umelowa, unakohoa, kama chura. Mimi mtoto wa mchimba mifereji nimekalia kiti cha kifalme siku mia. Nitakufa leo, sawa. Lakini nitakufa nimekalia kisichowahi kukaliwa na zimwi yeyote. Hakikutoshi hata hivyo. Makalio yako ni makubwa."

"Kinanitosha!" Mfyonza akanguruma.

"Hakikutoshi."

"Kinanitosha!"

"Hakikutoshi, Mfyonza. Hiki ni cha wafalme. Kaa na jiwe lako."

Mfyonza akaanza kujikokota nje. Likatoka tumbo, likazidi kutoka, maana lilikuwa na mikunjo, mkunjo juu ya mkunjo. Nyuma yake maji yakaanza kulia. Lakini alipofika karibu na kiti akasita. Akakinusa. Alikuwa mjinga, lakini zimwi mzee, na mzee hata akiwa mjinga huwa na hofu zake.

"Kuna kitu juu ya kiti hiki," akasema. "Nakumbuka kama niliweka kidole hapa, zamani. Walisema nini wakati ule?"

Mundhiri akajishughulisha na ile kamba iliyoning'inia begani. 

Wajukuu zangu, hapo ndipo hadithi ingekwisha vibaya. Mfyonza alikuwa amegeuza shingo, anarudi pangoni. Basi nyuma ya mwamba, alikojificha, Waziri Jabri hakuweza kujizuia. Hakuona kwamba Mfyonza anarudi, aliona tu yu karibu mno na kile kiti, akaziona funguo zake zinampotea, akaruka na kupiga kelele:

"Usikikalie! Mfyonza, usikikalie! Nakukataza!"

Mfyonza akageuka. Macho yakawa mekundu.

"Nani ananikataza? Nani ananikataza mimi?"

Na papo hapo, kwa hasira, akajitupa kitini. Pu!

Kiti kikatoa mlio, kwaa, lakini hakikuvunjika. Mfyonza akaketi, kifua mbele, akatazama bonde lote lililo chini yake.

"Haya! Nani mfalme sasa?"

"Wewe," Mundhiri akasema. "Na leo ni siku ya mavuno. Na hapa ni mbele ya pango. Atakayekikalia kiti hiki ni chakula cha Mfyonza. Kidole chako hicho hapo."

Kiapo cha zamani hakina urafiki na mtu. Mkono wa kulia wa Mfyonza ukaanza kwenda kinywani mwake mwenyewe. Akauvuta kwa mkono wa kushoto, ukakataa. Akajitafuna kidole. Akajitafuna kiganja. Akajitafuna mkono mpaka bega.

"Niondoeni kitini!" akalia. "Niondoeni!"

Lakini aliyeketi alikuwa chakula, na mwenye njaa alikuwa yeye. Akajitafuna miguu, akajitafuna tumbo mkunjo kwa mkunjo, na kila mkunjo ulipokatika maji aliyoyafyonza miaka yote yakamwagika. Mwisho likabaki domo tu juu ya kiti, nalo likajimeza. Hap!

Pakawa kimya.

Kisha mlima ukatikisika. Chemchemi iliyolaliwa miaka na miaka ikapasuka kutoka pangoni, maji meupe, mengi, yenye nguvu ya ngamia elfu. Yakakichukua kiti, yakakipiga kwenye mwamba, kikawa vijiti. Yakamchukua na Mundhiri.

Raya aliiona ile kamba ya kuchotea maji, ambayo Mundhiri alikuwa ameiacha imening'inia begani. Akakimbia kando ya maji, akaishika ncha, akaizungusha kwenye jiwe.

"Nishikeni!" akapiga kelele. "Ninyi mliozoea kukimbia, leo nishikeni!"

Na wale wanaume wanne waliokuwa wabebaji wa kiti wakamshika Raya kiunoni, na wengine wakawashika wao, mji mzima ukawa mnyororo. Wakavuta. Wakavuta. Wakavuta. Mundhiri akatoka, mguu wake wa kushoto umevunjika mahali pawili, amekunywa maji mengi, lakini yu hai.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kulaza sikio chini.

"Mashariki yanapita," akasema akitweta. "Magharibi yanapita. Kusini yanapita." Mifereji yote mitatu waliyoichimba ilikuwa imejaa.

Watu wakalia, wakacheka, wakamwagiana maji kama watoto. Kisha wakamkumbuka Jabri. Wakamkuta amejificha nyuma ya mwamba, wakamleta huku wakimsukuma.

"Maulana, tumfanye nini huyu?"

"Msiniite Maulana," Mundhiri akasema. "Kiti kimekwenda na maji. Mimi si mfalme tena, siwezi kuamuru. Ila nikiulizwa kama mchimbaji, mifereji mitatu mipya yahitaji kuzolewa tope, na mikono yake haina hata lengelenge moja."

Basi Jabri akanyang'anywa funguo, akapewa jembe. Inasemekana mwaka wa kwanza alilia kila siku. Mwaka wa pili alinyamaza. Mwaka wa tatu alikutwa akimfokea mtu aliyetupa taka mferejini.

Mundhiri alilala wiki sita mguu umefungwa kwa vibao. Wazee wa mji wakaja kumwona, wakakaa pembeni mwa kitanda.

"Tumechonga kiti kipya," wakasema. "Cha mti mzuri, kimepambwa kwa fedha. Ukipona ukikalie. Hatujapata kuwa na mfalme kama wewe."

Mundhiri akawatazama wale wazee, wengine walikuwa ndio waliompeleka Azani. Hakuwakasirikia.

"Mlinipa siku mia, nikazitumia zote. Haikubaki hata moja. Huko chini ya ardhi kuna maji ambayo bado hayajatoka, na mtu aliyekaa kitini hayasikii. Tandikeni jamvi, kaeni wengi, msikilizane. Mkibishana niiteni, nitakuja na kigongo changu."

Na ndivyo walivyofanya. Sarhani haikuwa na mfalme tena. Mambo ya mji yaliamuliwa jamvini, kwa kelele nyingi na kahawa nyingi, na mjane aliketi karibu na tajiri. Raya alipewa kazi ya kuandika yaliyoamuliwa, na kila yalipokwisha kuandikwa aliyasoma kwa sauti, ili asiwepo mtu wa kuyafunika kwa mto.

Mundhiri aliishi miaka thelathini na mitatu zaidi. Alichechemea. Alizaa watoto watatu, akawafundisha wote kusikia maji, na mmoja tu ndiye aliyeweza, binti wa mwisho. Alichimba mpaka nguvu zilipomwisha. Alifariki asubuhi moja wakati wa mavuno, kichwa chake kwenye paja la Raya, akiuliza kama mfereji wa kusini umezibuliwa.

"Umezibuliwa," Raya akamjibu.

Mji mzima ulimzika, na watu walikuwa wengi hata tende zikabaki mitini siku mbili bila mchumaji.

Basi, wajukuu zangu, mafunzo ya hadithi hii ni haya: cheo si wingi wa siku ulizokikalia, ni kazi uliyoifanya ukiwa nacho. Na ukipewa kitu cha kukalia, funua kwanza usome kilichoandikwa chini yake. Asiyejua kusoma amwombe anayejua, wala asione haya.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mimi niliwaacha watu wa Sarhani wanachuma tende, wakanipa kapu moja niwaletee, nikazila zote njiani. Nendeni mkanawe mikono, chakula ki tayari.